Mama wa nyumbani naye awe na fungu lake na muda wake wa kupumzika (uzi wa magolikipa wenzangu, yaani wake tunaoshinda nyumbani, na waume zetu)

Mamawawili_Chamazi

Habari za muda huu wana jamvi. Uzi ni mrefu, naomba mnivumilie, mambo haya yamekaa kichwani muda mrefu.

Nina miaka 24, naishi Chamazi, nyumba ya kupanga, vyumba viwili, choo tunachangia na wapangaji wengine. Mkubwa wangu ni wa kike, ana miaka mitatu. Mdogo ni wa kiume, ana miezi saba. Baba yao anauza duka la vifaa vya umeme Kariakoo, duka la mtu, anatoka saa kumi na moja alfajiri anarudi saa tatu usiku, siku nyingine saa nne. Kabla ya mtoto wa kwanza nilikuwa nauza duka la dawa. Tulipopiga hesabu ya nauli, chakula cha mchana na mshahara wa dada wa kazi tukaona kinachobaki ni kidogo mno, nikabaki nyumbani. Tuliamua wote wawili na mpaka leo naona kwa watoto wetu uamuzi ulikuwa sahihi.

Kilichonifanya nifungue uzi ni maneno ninayoyasikia kwa wanawake wa rika langu, bombani, saluni, kwenye benchi la kliniki. Kila mmoja ana mume wake na kisa chake, lakini ukisikiliza vizuri malalamiko ni yaleyale: hana shilingi ya kwake, hana saa ya kwake, na akisema amechoka anaulizwa amechoshwa na nini wakati ameshinda nyumbani. Hoja yangu ni hii. Kulea na kutunza nyumba kupangiwe hela na muda kama kazi nyingine yoyote, na mpange wawili, mapema, wakati bado mnaongea vizuri. Siongelei mume kumsaidia mke siku akijisikia. Naongelea mpango unaojulikana na wote.

Kwanza kwa wale wanaodhani kushinda nyumbani ni kukaa. Naanzia usiku, kwa sababu kazi inaanzia huko. Mdogo ananyonya saa nane, ananyonya tena saa kumi, na baba yake akiwasha taa kujiandaa naye anaamka moja kwa moja. Maji ya kisima cha hapa yana chumvi, ni ya kufulia na kuoshea vyombo. Ya kunywa na kupikia tunanunua kwa ndoo kwa jirani mwenye bomba, na bomba lenyewe linatoka alfajiri, kwa hiyo unawahi foleni na mtoto mgongoni, ndoo mbili, huku umemwacha mkubwa amelala na umemwomba mpangaji wa chumba cha jirani amsikilizie. Ukirudi kuna chai, kuna nepi za kulowekwa, kuna kufagia uwanja kama ni zamu yako.

Halafu uji. Mtoto wa miezi saba halishwi kwa dakika tano. Nakaa kwenye mkeka, namkalisha katikati ya miguu yangu, kibakuli mkono wa kushoto, kijiko cha chai mkono wa kulia. Kijiko cha kwanza anakisukuma nje kwa ulimi, namfuta kidevu, namrudishia. Cha pili anameza. Cha tatu anakidaka kwa vidole na uji unaishia kwenye nywele. Muda huohuo dada yake anataka amlishe yeye, na ameshachukua mwiko. Nikimnyima analia, nikimwachia anamlisha mwenzake mpaka anapaliwa. Sasa hivi nampa kibakuli chake na mdoli wake, naye analisha. Nusu kikombe inachukua nusu saa na zaidi, na kwa umri wake anatakiwa ale mara mbili hadi tatu kwa siku juu ya kunyonya. Hapo bado hujapika cha mchana.

Nitoke nje ya mada kidogo, jambo hili linaniuma. Wanawake tunanunua unga wa lishe uliochanganywa mahindi, ngano, mtama, ulezi, mchele, soya, karanga na maharage, umekaa dukani haijulikani tangu lini, tunaamini kwamba vitu vikiwa vingi ndiyo lishe yenyewe. Mahindi na karanga ndivyo vinavyoongoza kwa kushika sumukuvu, yaani sumu ya ukungu, vikihifadhiwa na unyevu. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa sababu ya mahindi yenye sumukuvu, na sumu ile haiondoki kwa kuchemsha. Mimi nachambua mahindi au ulezi mwenyewe kwenye ungo, natupa punje zilizovunjika na zenye ukungu, nasagisha kidogo wa wiki mbili tu. Karanga nachambua na kusaga peke yake, uji ukiiva ndipo naongeza kijiko. Siku nyingine dagaa waliosagwa, siku nyingine parachichi la kuponda au yai. Na uji uwe mzito, ukae kwenye kijiko bila kuchuruzika, maana mwepesi unamjaza mtoto maji na baada ya muda mfupi analia njaa. Asali msiwape kabla hawajatimiza mwaka, hata bibi akisisitiza.

Tuendelee. Mchana wakilala wote pamoja ndipo naoga. Wasipolala pamoja, naoga usiku. Jioni ndiyo kipindi kigumu kuliko vyote: mdogo ana usingizi na hataki kulala, mkubwa ana njaa, mkaa haujakolea, na nguo ziko kambani wingu limetanda. Kuhusu katuni za kwenye simu, Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo 2019 kwamba mtoto chini ya mwaka mmoja asiwekewe skrini kabisa, na wa miaka miwili hadi minne isizidi saa moja kwa siku. Nakubaliana nao, mdogo simwekei. Mkubwa nampa nusu saa ninapokaanga, kwa sababu jiko liko chini na mafuta ya moto ni hatari kubwa kuliko katuni. Mama anayepika peke yake na watoto wawili miguuni asihukumiwe kwa hilo.

Sasa hela. Kwetu hela ya matumizi ilikuwa elfu kumi kwa siku, inaachwa juu ya kabati. Mchele, maharage, mafuta ya kupima, nyanya na vitunguu, mkaa, maziwa ya mkubwa, ndoo za maji. Sikuwahi kulalamikia kiasi, kwa sababu naijua mishahara ya Kariakoo. Kilichokuwa kinanisumbua ni kwamba kila shilingi iliyopita mkononi mwangu ilikuwa ya sufuria. Pedi, kusuka, vocha, nauli ya kwenda kumsalimia mama Kigamboni, vyote niombe, na kila ombi lina maelezo yake. Mwanamke mzima ukiomba hela ya pedi na ukaulizwa ile ya juzi imeisha vipi, unajisikia mdogo. Wengi wetu tunamaliza tatizo kwa kubana. Kilo inakuwa robo tatu, nyama inakuwa vipande vinne, chenji inaingia chini ya godoro. Mume anahisi anaibiwa, mke anajifunza kuficha, na nyumba ambayo haikuwa na uongo inaanza kuwa nao.

Sisi tulikaa chini mdogo alipotoka arobaini. Tulichukua kaunta buku tukaandika kila kinachotoka: kodi, umeme, gesi, maji, chakula, sabuni, pampasi za usiku, anachowatumia wazazi wake Singida, ninachomtumia mama yangu. Tulikesha. Baba watoto alishangaa gharama ya maji peke yake. Tukakubaliana elfu 30 kila mwisho wa mwezi iwe fungu langu, haiombwi na haiulizwi. Elfu 20 naipeleka kwenye mchezo wa akina mama wa mtaani, tunapokezana, na elfu 10 inabaki yangu. Nilipopokea zamu yangu nilinunua friji dogo la mtumba na sasa nauza barafu na maji baridi kwa watoto wa shule wanaopita. Hela ya dharura ya hospitali tukaiweka kwenye simu yangu. Mtoto akishikwa na homa saa sita mchana mimi ndiye niliye naye, haina maana nianze kumpigia baba yake ambaye yuko na wateja na simu hapokei.

Upande wa muda, siku yake ya mapumziko ni Jumapili. Baada ya chai mpaka saa saba mchana watoto ni wake. Mimi natoka nyumbani kabisa, kwa sababu mama akiwa ndani watoto hawamwachii. Nakwenda kusuka, au nakwenda kulala kwa mama yangu mdogo Mbande. Mwanzo alikuwa anapiga simu kila baada ya muda mfupi: nepi ziko wapi, huyu mbona analia, uji unapashwa vipi. Leo anajua mwenyewe kwamba mwanawe akisugua sikio anataka usingizi, na kwamba mkubwa hali wali mpaka umwekee mchuzi pembeni. Hayo hakuyajua kwa mtoto wa kwanza mpaka alipofikisha miaka miwili, na si kwa sababu hampendi. Hakuwahi kuachwa naye peke yake.

La mwisho wengi wanaliogopa: majina. Tunalipia kiwanja kidogo Mkuranga kwa awamu na mkataba una majina yetu wawili. Nilisikia wanawake wakisema kwamba asiyeingiza kipato hana haki kwenye nyumba. Si kweli. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 114, inaitaka mahakama inapogawa mali iangalie mchango wa kila mmoja kwa fedha, mali au kazi. Zamani majaji walikuwa hawakubaliani, baadhi wakisema kupika na kulea ni wajibu tu wa mke. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, Jaji Mkuu akiwa Francis Nyalali, kwenye kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Seif ikamaliza ubishi: kazi za nyumbani za mke ni mchango unaohesabika. Nawaambia na upande wa pili wa kesi hiyo, watu huwa hawausemi. Bi Hawa mwenyewe hakupata mgawo kwenye nyumba, kwa sababu mahakama iliona mumewe alimpa hela za mradi wa familia akazitapanya. Kwa hiyo mchango wako unahesabika, na matumizi yako pia yanahesabika. Ndiyo maana lile kaunta buku nalitunza.

Karibuni. Wanawake mnaokaa nyumbani, kwenu mmepangaje? Na akina kaka, semeni mnavyoona ninyi.

Kidume_cha_Temeke

Dada nimesoma yote na hujaandika kwa hasira, nakupongeza. Ila niseme upande wetu. Mimi ni fundi ujenzi. Kuna wiki nina kazi na kuna wiki nakaa kijiweni toka asubuhi. Kodi wananitaka miezi sita kwa pamoja. Mke wangu akiniambia elfu 30 isiyoulizwa, na mimi hela yangu isiyoulizwa naitoa wapi? Mwanaume anaamka, anabeba zege, anarudi, hela yote inakwisha kwenye familia, hata soda na wenzake anafikiria mara mbili. Na Jumapili ndiyo siku pekee ya kulala. Mkituwekea na zamu ya watoto tutapumzika lini?

Mamawawili_Chamazi

Kaka yangu, umesema jambo la kweli na silipingi. Tulipoandika lile buku, baba watoto naye tulimwandikia fungu lake, elfu 30 vilevile, na mimi simuulizi. Kama kipato kinapanda na kushuka, msiweke kiasi, wekeni sehemu: kwenye kila elfu kumi inayoingia, kiasi fulani chako, kiasi hichohicho cha mke, hata ikiwa mia tano. Wiki usiyopata, na yeye hapati, na anajua kwa nini. Kinachomuumiza mwanamke mara nyingi ni kutojua. Akiona hesabu na akaona wewe mwenyewe hujajipa kitu, hatadai.

Kuhusu Jumapili, mume wangu analala mpaka saa tatu, watoto nawatoa nje. Kisha zamu yake. Mchana baada ya kula analala tena. Siku haiishi yote. Na mimi sijawahi kuwa na siku ya kulala mpaka saa tatu tangu mkubwa azaliwe, nakwambia kwa nia njema ili uone tunapotokea.

Kidume_cha_Temeke

Hapo kwenye sehemu badala ya kiasi nimekuelewa. Nitaongea naye.

Mama_Mkubwa_Tanga

Hamjambo wanangu. Mimi nina wajukuu sasa, nimelea sita. Nimesoma nikataka kuandika kwamba sisi hatukuwa na fungu na tukaishi, kisha nikakumbuka mama yangu mzazi kule Muheza. Baba hakumpa fungu, lakini alikuwa na shamba lake la mihogo na minazi aliyorithi kwao. Ile hela ya mihogo na ya nazi baba hakuigusa na hakuiuliza. Ndiyo aliyotununulia madaftari, na akitaka kwenda msibani kwao hakuomba nauli kwa mtu. Na mimi mwenyewe nilikuwa nasuka ukili, mikeka yangu nauza mwenyewe. Mwanamke wa zamani alikuwa na chake. Ninyi mmekuja mjini kwenye chumba cha kupanga, shamba hamna, minazi hamna, na mama wa kukupokea mtoto yuko mbali. Zamani ukijifungua unakaa siku arobaini unakandwa, unapikiwa, mtoto anaogeshwa na wengine. Binti yangu yuko Dar, alijifungua, siku ya tano anafua. Kwa hiyo mwanangu wa Chamazi nakuunga mkono.

Mamawawili_Chamazi

Shikamoo mama. Nimefurahi sana kusoma maneno yako, na hilo la shamba la mihogo sikuwahi kulifikiria. Mama mkwe wangu naye Singida ana kuku wake na alizeti yake, baba mkwe hagusi. Nikimweleza baba watoto kwa mfano huo ataelewa haraka kuliko nilivyoeleza mimi.

Nesi_Zamu_ya_Usiku

Natoka zamu, naongeza machache ya kitaalamu kwa sababu wasomaji ni wengi. Mtoa mada, mdogo wako akitimiza miezi 9 usikose chanjo ya surua na rubella, ya pili ni miezi 18. Hiyo ya miezi 18 ndiyo akina mama wengi wanayoisahau kwa sababu mtoto ameshakuwa mkubwa na mama ameshachoka kwenda kliniki. Ukienda ya miezi 9 uliza na chandarua. Matone ya vitamini A ni kuanzia miezi 6, kila baada ya miezi sita mpaka afikishe miaka mitano, na kuna kampeni Juni na Desemba.

Mtoto akiharisha, maji ya ORS na vidonge vya zinki siku 10 hadi 14, hata kama kuhara kumeisha siku ya tatu, malizia dozi. Endelea kunyonyesha. Akiwa mlegevu, macho yameingia ndani, hanyonyi, au kuna damu kwenye choo, usikae nyumbani kusubiri baba arudi. Hapo hela ya dharura kwenye simu ya mama inaokoa maisha, umefanya jambo la maana sana.

Jambo lingine ambalo akina mama hawalisemi hata kliniki. Siku chache za mwanzo baada ya kujifungua kulialia bila sababu ni kawaida na kunaisha ndani ya wiki mbili hivi. Kukizidi hapo, ukawa huna hamu na kitu, hulali hata mtoto akiwa amelala, unajiona hufai, au unapata mawazo ya kujidhuru wewe au mtoto, huo ni ugonjwa, unaitwa sonona, na unatibika. Siyo uvivu, siyo kurogwa, siyo kumchukia mtoto. Mwambie nesi wazi, usiseme tu "najisikia vibaya". Na waume, mkiona mke amebadilika hivyo, mleteni ninyi. Wengi hawaji wenyewe.

Mamawawili_Chamazi

Asante sana nesi wetu. Nina rafiki yangu wa karibu, sitamtaja, alipitia hayo kwa mtoto wa kwanza. Ndugu wa mume walisema anajideka. Aliyegundua ni jirani, mama wa makamo, aliyemwona anamnyonyesha mtoto huku machozi yanamtoka na uso hauna habari. Akamshika mkono mpaka kituo cha afya. Sasa hivi mzima kabisa, mtoto wake anasoma awali. Hii ndiyo sababu nyingine nasema mama atoke nje ya nyumba. Ukiwa peke yako na watoto wachanga kutwa nzima, hakuna anayekuona.

Mwana_wa_Likoni

Nasoma nikiwa Mombasa. Huku kwetu pia ni hivyo hivyo, sisi twategemea chama, kila wiki twachanga. Kuhusu sheria, Kenya ina Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 ambayo yataja waziwazi kazi za nyumbani na kulea watoto kuwa mchango. Na mwaka 2021 Jaji Teresia Matheka wa Mahakama Kuu, Nakuru, alisema kwamba kuwa mke wa nyumbani ni kazi kamili inayopaswa kuhesabiwa. Lakini dada zangu msidhani ni nusu kwa nusu moja kwa moja. Mahakama ya Juu ilisema 2023 kwamba kila mmoja aonyeshe mchango wake. Kwa hivyo hilo daftari la mtoa mada, kila mwanamke awe nalo. Mimi naweka hata risiti za shule za watoto kwa bahasha.

Mdogo_Wao_21

Dada samahani, naomba niulize na msinicheke. Niko Mwanza, nina miaka 21, mtoto ana mwaka mmoja na miezi miwili. Tunaishi pamoja mwaka wa tatu sasa, hakuna mahari wala ndoa, ni sogea tuishi. Hela ya kula ananiachia. Amenunua kiwanja na anajenga, na mimi ndiye ninayepeleka maji kwa mafundi na kuwapikia. Nikimwambia tuandikishane anasema mimi siyo mke wake kisheria kwa hiyo sina cha kudai. Ni kweli?

Mamawawili_Chamazi

Mdogo wangu, hakuna wa kukucheka hapa, wengi tumeanza hivyohivyo.

Anachokwambia si sahihi kama anavyokisema. Kifungu cha 160 cha Sheria ileile ya Ndoa ya 1971 kinasema mwanamume na mwanamke wakiishi pamoja miaka miwili au zaidi, na watu wanaowazunguka wakawajua kuwa ni mume na mke, inachukuliwa kuwa wameoana, isipokuwa mtu alete ushahidi wa kupinga. Kwa mfano akionyesha kwamba ana ndoa nyingine ya Kikristo, mambo yanabadilika. Na hata ikithibitika kwamba hakukuwa na ndoa, mahakama bado inaweza kukusikiliza kuhusu matunzo yako na ya mtoto, na nafuu nyingine. Matunzo ya mtoto hayategemei ndoa hata kidogo, hilo lishike kabisa.

Lakini usianze kwa kumtishia na vifungu. Anza na mambo yaliyo mikononi mwako. Cheti cha kuzaliwa cha mtoto kiwe na jina la baba yake, kama bado fuatilia mapema. Kadi ya kliniki itunze. Kila ulichofanya pale kwenye ujenzi kiandike: tarehe, ndoo ngapi, ulipika nini, mafundi ni akina nani na namba zao. Ukinunua hata misumari kwa hela yako, risiti iwe na jina lako. Mjumbe na majirani wanaowajua kama mke na mume, salimiana nao, ishi nao vizuri, ndio mashahidi wako siku ikilazimu.

Kisha ongea naye wakati ametulia, mtoto amelala, simu zimewekwa pembeni. Mwambie unataka mambo mawili: kujitambulisha kwa wazazi wako, na jina lako kwenye mkataba wa kiwanja. Akikataa yote, nenda ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri yenu, huduma haina malipo, au tafuta wasaidizi wa kisheria, wapo kwenye kata nyingi na wanatambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017. Waeleze kama ulivyotueleza, usipunguze.

Na kwa kuwa mtoto ameshavuka mwaka, ulizia pia kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata kuhusu mkopo wa vikundi. Halmashauri zinatenga asilimia 10 ya mapato ya ndani, 4 za wanawake, 4 za vijana na 2 za watu wenye ulemavu, na hauna riba. Mnahitaji kikundi kilichosajiliwa, kwa hiyo anza kwa kuwaangalia wanawake wa hapo mtaani unaowaamini na hela.

Kadi ya kliniki ikiwa mkononi, nesi hapo juu amesema miezi 18. Wa kwako ana mwaka na miezi miwili, bado muda upo. Ukienda ustawi wa jamii, rudi utuandikie walivyokujibu, kuna wengi wenye hali kama yako wanasoma bila kuandika.

Mdogo_Wao_21

Asante sana dada. Cheti hakina jina lake, tulijaza haraka hospitali. Jumatatu nakwenda kuulizia kinarekebishwaje.